Kisanduku kimekufa, sauti ya Mama ingali ndani

Umeme ulirudi alfajiri ya Jumapili, baada ya usiku mzima wa mvua ya masika. Hapa kwetu Kunduchi tumezoea: ukirudi, kwanza friji linanguruma, kisha feni ya dari inaanza kuzunguka, kisha jirani anafungulia redio. Siku ile taa ya sebuleni iliwaka kwa ukali usio wa kawaida, ikafifia, ikatulia. Ruta iliwaka. Lakini juu ya kabati la vyombo, kisanduku cheusi ambacho taa yake ya kijani haikuzimika mchana wala usiku kwa miaka sita, kilikuwa giza.

Nilikitegea sikio. Feni yake haikuzunguka. Nikabonyeza swichi, kimya. Nikabonyeza tena, kimya.

Mlikuwa na nini ndani ya kisanduku kile? Picha za familia za miaka kumi na minne. Video ya harusi ya mdogo wangu. Vyeti vya shule, hati ya kiwanja, kadi za kliniki za watoto. Tena mlikuwa na rekodi moja ya sauti ya dakika 17: marehemu Mama ameketi barazani Pangani, akimfundisha binti yangu kusuka ukili. Hakuna jambo kubwa analolisema. Anamwambia kaza, legeza, usivute upande huo. Mara moja anacheka. Simu iliyorekodi sauti hiyo iliibiwa Mwenge miaka mitatu iliyopita. Nilijiambia si kitu, kwa kuwa sauti imo kisandukuni.

Aliyeniuzia alinihakikishia kina diski mbili, na kwamba kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa pia kwenye ya pili. "Mama, lala usingizi," aliniambia. Nililala usingizi miaka sita.

Naandika makala haya kwa sababu visanduku vya aina hii vinaingia katika nyumba nyingi, na maduka madogo, studio za picha, ofisi za mawakili na zahanati vinavitegemea. Vinapokufa, wengi hudhani kilichomo ndani nacho kimekufa. Mara nyingi hakijafa. Kinachokimaliza kabisa ni mikono yetu wenyewe, katika saa ile ya kwanza ya kutapatapa.

Ndani ya kisanduku

Mafundi hukiita kwa herufi tatu, NAS. Ni kompyuta ndogo isiyo na skrini wala kibodi. Huunganishwa kwa waya na ruta, na simu za nyumba nzima huweza kutuma picha humo bila kulipia hifadhi ya wingu kila mwezi. Ndani kuna bodi, feni na diski moja, mbili, nne au zaidi. Nje kuna adapta inayogeuza umeme wa volti 230 wa ukutani kuwa volti 12, kiasi ambacho vingi vya vifaa hivi hutumia.

Cha thamani humo ni diski. Bodi, feni na adapta vinauzwa dukani, ila picha za harusi haziuzwi. Diski ya kuzunguka ina sahani nyembamba zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika au zaidi, na juu ya kila sahani kuna kichwa kidogo kinachosoma na kuandika. Kichwa hakigusi sahani, bali huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu, ilhali unene wa unywele mmoja ni makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe ya vumbi ambayo jicho halioni ni kama jiwe njiani. Kichwa kikigusa sahani kinaikwaruza, na palipokwaruzwa kilichoandikwa hakirudi.

Diski ya kwanza ya aina hii ilitoka kwa kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, nayo ilibeba herufi milioni tano tu, kiasi cha picha moja hivi inayopigwa na simu ya leo. Diski zangu zilikuwa za terabaiti nne kila moja, na unaishika moja kwa kiganja. Wingi huo ndani ya kitu kidogo namna ile ndio faida yake, na ndio hatari yake pia, maana maisha ya ukoo mzima yanabebwa na mota moja na vichwa vinavyoelea.

Saa ya kwanza

Nilipompigia simu kaka yangu wa Mwanza, alinipa ushauri ambao ndugu mwema yeyote angeutoa: "Dada, chomoa diski, ipachike kwenye laptopu, uone." Mwanangu wa kidato cha tano alikuwa na waya wa kuunganishia. Akatoa diski moja, akaiunganisha. Baada ya sekunde chache Windows ikaleta ujumbe kwamba diski haisomeki, na kwamba inapaswa kufomatiwa kabla ya kutumika. Kitufe cha kukubali kilikuwa tayari, na kidole cha mwanangu kilikuwa njiani.

"Subiri," nilimwambia. Sikuwa na elimu yoyote ya jambo lile. Neno "fomati" tu ndilo lililonitisha.

Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba pale ndipo familia nyingi zinapopotezea picha zao. Visanduku vingi vya nyumbani huendeshwa na mfumo wa Linux, na diski zake hupangwa kwa utaratibu ambao Windows haiufahamu. Kwa hiyo diski nzima, iliyojaa, isiyo na kasoro, ikipachikwa kwenye laptopu ya kawaida huonekana kama daftari jeupe. Laptopu haisemi uongo. Inasema tu kwamba lugha hii haiijui, kisha inaomba ruhusa ya kuandika ya kwake juu yake. Ukikubali, orodha inayoonyesha kila faili liko wapi inaharibiwa. Mafaili yenyewe huenda yakabaki, ila kuyakusanya huwa kama kukusanya kurasa za kitabu kilichochanwa jalada, namba na yaliyomo.

Kosa la pili la saa ya kwanza ni kuwasha na kuzima, kuwasha na kuzima. Kama tatizo ni adapta, huna unachopoteza. Lakini kama ni kichwa cha diski kilichoathirika, kila unapowasha unakiruhusu kupita tena juu ya sahani kikikwaruza. Kosa la tatu ni lile la kuweka diski kwenye friza, dawa inayosambaa kwa mdomo miaka mingi. Diski iliyotoka kwenye baridi ikikutana na hewa ya Dar es Salaam hutoka jasho kama chupa ya soda, na maji juu ya sahani ni msiba. Kosa la nne ni kuifungua kwa bisibisi ili kuchungulia.

Saa ya kwanza ina kazi moja tu: zima, chomoa umeme, andika ulichokiona. Taa gani iliwaka? Mlio gani ulisikika? Nini kilitangulia? Karatasi ile itamsaidia fundi kuliko maelezo utakayoyatoa siku tatu baadaye.

Kutoka ukutani hadi sahanini

Jumatatu nilikipeleka kisanduku Kariakoo, kwa kijana mmoja mwenye chumba kidogo ghorofani, juu ya maduka ya simu. Mezani pake palikuwa na taa, brashi, mita na makopo ya skrubu yaliyopangwa kwa ukubwa. Alinikaribisha kwa adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Umekiwasha mara ngapi tangu kizime?"

"Mara mbili. Au tatu."

"Hizo zinatosha. Tusikiwashe tena na diski zikiwa ndani."

Akazitoa diski zote mbili, akabandika karatasi ya gundi juu ya kila moja na kuandika namba ya tundu ilimotoka: 1 na 2. Jambo dogo, lakini kwa vifaa vyenye diski nne au tano, ambamo kila faili limekatwa vipande na kugawanywa, mpangilio ukichanganywa kazi ya kuokoa huwa ngumu mara dufu.

Kisha akaanza kutafuta ugonjwa, na hapo nilijifunza utaratibu ambao mtu yeyote anaweza kuufuata. Anza nje, ingia ndani, na kila hatua jaribu kitu kimoja tu. Je, soketi ina umeme? Chomeka taa uone. Je, adapta inatoa volti zilizoandikwa juu yake? Mita itasema. Je, waya wa mtandao na tundu la ruta ni vizima? Badilisha waya, badilisha tundu. Mara nyingine kisanduku ni kizima kabisa ila ruta imekipa anwani mpya, na mwenye nyumba anadhani kimekufa kwa kuwa hakionekani pale alipozoea kukiona.

Adapta yangu iliandikwa volti 12. Mita ilisoma pungufu ya tano. Fundi akaniambia kwamba umeme unaporudi kwa kishindo, adapta ndiyo hupigwa kwanza, na mtu akiwa na bahati msiba huishia hapo. Alitafuta nyingine yenye volti zilezile, nguvu isiyopungua ya awali, na ncha yenye chanya na hasi mahali palepale. Alisisitiza hilo la ncha, kwani adapta inayoingia vizuri tunduni si lazima iwe sahihi, na ya volti 19 ya laptopu inaweza kuunguza kilichosalimika.

Kisanduku, kikiwa tupu bila diski, kiliwaka. Taa ya kijani, kisha nyekundu, kisha giza, kisha kijani tena. Kikawa kinajiwasha na kujizima bila kumaliza kuamka. Akakifungua, akanielekezea taa kwenye bodi. Kapasita tatu vichwa vyake vilikuwa vimevimba, na miguu ya vifaa vya karibu na feni ilikuwa na kutu ya kijani. Hewa ya bahari, akasema. Nyumba za pwani zinakula vyuma, na feni ya kisanduku huivuta hewa hiyo ya chumvi ndani saa 24.

"Bodi imekwenda," alisema. "Bodi si kitu. Tuzisikilize diski."

Akapachika diski namba 1 kwenye kifaa chake, akaweka sikio. Ilizunguka kwa mlio laini, sawasawa. Namba 2 ilizunguka, kisha ikagonga: tik, tik, tik. Ikanyamaza. Akaichomoa papo hapo na kuiweka pembeni.

Ufa ambao hatukuuziba

Diski za kisasa hujiwekea kumbukumbu ya afya yake kwa mfumo uitwao SMART. Zipo namba nyingi, ila tatu zinatosha kwa mwenye nyumba. Namba 5 inahesabu sekta, yaani vipande vidogo vya sahani, vilivyoharibika na kuhamishwa. Namba 197 inahesabu vile ambavyo diski inashindwa kuvisoma na bado haijavihamisha. Namba 198 inahesabu vilivyoshindikana kabisa. Zote zinapaswa kuwa sifuri. Zikianza kupanda, diski inaaga.

Fundi aliniomba barua pepe niliyosajilia kisanduku. Ilikuwa anwani ya zamani nisiyoifungua. Tulipoingia, tulikuta maonyo kutoka kwa kisanduku changu mwenyewe, yakianzia miezi saba nyuma. Diski namba 2 ina sekta mbovu. Diski namba 2 imeondolewa. Hifadhi inafanya kazi kwa diski moja. Wahenga wametuonya kuhusu ufa na ukuta, nami ufa wangu ulikuwa ukinipigia kelele kwenye sanduku la barua nililolifunga.

Maana yake ni kwamba lile hakikisho la diski mbili halikuwepo kwa miezi saba. Nilikuwa natembea kwa mguu mmoja bila kujua. Na mguu wenyewe uliobaki, diski namba 1, nao ulikuwa umeanza kuumwa, kwani namba 197 ilionyesha sekta kadhaa zisizosomeka.

Nakili kwanza, tibu baadaye

Ningedhani hatua inayofuata ni kufungua diski namba 1 na kukimbilia picha. Fundi alikataa. Diski mgonjwa haifanyiwi kazi, inanakiliwa. Kila kazi ya kuokoa inafanywa juu ya nakala, ili ukikosea uharibu nakala na kuanza upya.

Alitumia programu ya bure iitwayo ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz. Akili yake ni ya subira. Kunakili kwa kawaida hukwama kwenye sekta mbovu ya kwanza na kuing'ang'ania, huku diski ikizidi kuchoka. Programu hii inapokutana na sehemu isiyosomeka inaiandika kwenye daftari lake, inaruka, inaendelea na sehemu nzima. Baada ya kukusanya vyote vilivyo rahisi, ndipo inarudi kwenye vile vigumu, kidogo kidogo, kutoka mbele na kutoka nyuma. Umeme ukikatika katikati, inaanzia ilipoishia.

Ni kazi ya kungoja. Diski nzima ya terabaiti nne, ikisomwa kwa megabaiti 100 kila sekunde, huhitaji saa 11 hivi, na diski mgonjwa haisomeki kwa kasi hiyo. Yangu ilichukua siku tatu. Fundi aliipepea kwa feni ndogo ili isipate joto, na kompyuta yake aliichomeka kwenye betri ya akiba.

Siku ya nne alinipigia simu niende. Hapo ndipo uzuri wa namna visanduku hivi vilivyojengwa ulipojitokeza. Katika Linux, taarifa za jinsi diski zilivyounganishwa haziwekwi kwenye bodi, zimeandikwa juu ya diski zenyewe. Kwa hiyo bodi inaweza kuungua, na diski ikipelekwa kwenye kompyuta yoyote yenye Linux ikajitambulisha: mimi ni nusu ya jozi fulani. Kwa jozi ya kioo, yaani diski mbili zinazoandikwa yaleyale, nusu moja inatosha kusoma kila kitu. Vifaa vya diski tatu na kuendelea, vile vya mpango wa kuunganisha diski uitwao RAID 5, vinavumilia kupotea kwa diski moja tu, ya pili ikipotea mambo ni magumu. Na kama mwenye kifaa alifunga diski kwa nywila ya usimbaji, lazima ufunguo uwepo, vinginevyo hata fundi bora hawezi kitu. Andika ufunguo huo kwenye karatasi, uuweke mbali na kifaa.

Alifungua nakala kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika chochote. Yakatokea majina niliyoyaandika kwa mkono wangu: Harusi Tanga. Vyeti. Watoto 2013. Pangani.

Mafaili machache yalikufa: video mbili za sherehe na picha kadhaa zilizokatika nusu, juu rangi, chini kijivu. Rekodi ya Mama ilifunguka. Tuliisikiliza pale pale kwenye spika ndogo ya fundi, katikati ya makelele ya Kariakoo. Kwenye dakika ya tisa sauti ilikatika kwa sekunde mbili, ikarudi. Sekta moja mbovu ilikuwa imeangukia hapo. Kilichopotea ni neno moja au mawili. Dakika nyingine zote zilikuwepo, na kicheko chake kilikuwepo. Yule kijana aliinamisha kichwa akaendelea kupanga skrubu zake hadi nilipomaliza kufuta macho.

Lini umwachie mwingine

Si kila diski inafaa kuguswa hata na fundi mwenye mikono myepesi. Inayogonga kama namba 2 yangu, iliyoanguka, iliyolowa, au isiyozunguka kabisa, inahitaji kufunguliwa ndani ya chumba kinachochujwa vumbi, na mtu mwenye vipuri vya diski ya aina ileile. Kazi hiyo ni ghali, na uamuzi wake ni wa mwenye kumbukumbu: zina thamani gani kwake? Kama zina thamani, basi kila jaribio la nyumbani linapunguza nafasi ya mtaalamu. Kwa mafaili yaliyofutwa tu kwenye diski nzima, zipo programu za bure za Christophe Grenier, TestDisk na PhotoRec. Ya kwanza hurekebisha mgawanyo wa diski ulioharibika, ya pili huokota picha na mafaili kwa kuyatambua sura yake, ingawa majina mara nyingi hupotea. Ila usihifadhi ulichookoa kwenye diski ileile unayookolea.

Wala usikate tamaa mapema. Chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiliposambaratika juu ya Texas tarehe 1 Februari 2003 na kuua wanaanga wote saba, miongoni mwa mabaki iliokotwa miezi kadhaa baadaye diski ya megabaiti 400, imeungua, haitamaniki. Wataalamu wa kampuni ya Kroll Ontrack walisafisha sahani zake na kurejesha takriban asilimia 99 ya data. Matokeo ya jaribio la gesi ya xenoni lililofanywa na wale wanaanga yakachapishwa mwaka 2008. Kazi yao haikuzikwa pamoja nao.

Kabla ya kumwachia fundi yeyote diski yako, muulize mambo manne. Utaifanyia kazi diski yenyewe au nakala? Nikilipa na usiokoe kitu, itakuwaje? Nani mwingine atayaona mafaili yangu? Ukimaliza, nakala uliyobaki nayo utaifutaje mbele yangu? Fundi mwaminifu hachukizwi na maswali hayo. Ndani ya diski mna uchi wa familia, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kwa sababu hiyo.

Kioo si akiba

Msamiati ndio ulionipoteza. Niliambiwa diski mbili, nikasikia akiba mbili. Mpango wa kuunganisha diski, RAID, ulipewa jina lake mwaka 1988 katika andiko la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Diski mbili za kioo zinaokoa jambo moja: diski moja ikifa, kazi isisimame. Lakini kioo kinaonyesha kilicho mbele yake, kizuri au kibaya. Ukifuta faili, linafutika kwenye zote mbili papo hapo. Mwizi akichukua kisanduku, anachukua zote mbili. Radi, moto na mafuriko havichagui.

Wadukuzi nao hawachagui. Aprili 2021 mashambulizi yaliyoitwa Qlocker yaliyafungia mafaili ya wamiliki wa visanduku vya kampuni ya QNAP ndani ya makasha yenye nywila, wakadaiwa sarafu ya bitcoin ili wafunguliwe. Miezi miwili baadaye, watu wenye vifaa vya My Book Live vya Western Digital, ambavyo havikuwa vimepata sasisho tangu mwaka 2015, waliamka wakakuta vimerudishwa kama vilivyotoka kiwandani, vitupu. Kifaa chochote kinachofikika kutoka nje kupitia intaneti bila kusasishwa ni mlango usio na komeo.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, juu ya vifaa vya aina mbili, na moja yake iwe mahali pengine kabisa. Hilo la mahali pengine ndilo lililoiokoa filamu ya Toy Story 2. Mwaka 1998 amri moja iliyokosewa ilifuta sehemu kubwa ya filamu hiyo kwenye kompyuta za Pixar, na nakala za studio zilipofunguliwa zikakutwa hazifai. Galyn Susman, mmoja wa viongozi wa ufundi, alikuwa na nakala nyumbani kwa kuwa alikuwa amejifungua na kufanya kazi akiwa karibu na mtoto. Kompyuta ile ilizungushiwa mablanketi ikapelekwa studio kwa gari, polepole.

Wengi huniambia wingu linatosha. Linasaidia sana, na kwa nyaraka na picha teule nalitumia. Lakini hesabu zifanywe: kupandisha terabaiti moja kwa intaneti yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua siku tisa na ushee, usiku na mchana, bila kukatika. Kwa nyumba nyingi za kwetu, njia ya haraka zaidi ya kupeleka nakala mbali ni basi.

Ndivyo tunavyofanya sasa. Kisanduku kipya kipo chumbani, mbali na dirisha la baharini, kimechomekwa kwenye UPS, yaani betri ya akiba, ili umeme ukirudi kwa kishindo usikifikie. Maonyo yake yanakuja kwenye simu ninayoishika kila saa. Kila mwisho wa mwezi tunaunganisha diski ya nje, tunanakili, tunaichomoa na kuifungia kabatini, kwa sababu diski iliyochomolewa haidukuliwi wala haipigwi na umeme. Mara mbili kwa mwaka diski nyingine, iliyofungwa kwa nywila, inasafiri kwa basi hadi kwa mdogo wangu Dodoma, na ya zamani inarudi kwa basi hilohilo.

Kuna hatua moja ya mwisho, kuifungua nakala na kuijaribu, nayo ndiyo inayosahaulika na wengi. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ya wataalamu watupu, ilifuta kwa bahati mbaya gigabaiti 300 hivi za hifadhidata yake. Ilikuwa na njia kadhaa za kuweka nakala. Zilipohitajika, moja baada ya nyingine zikakutwa hazikuwa zikifanya kazi. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mfanyakazi mmoja aliichukua saa sita kabla. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijathibitishwa na mtu.

Akiba haiozi, wanasema wazee wetu, na kwa mahindi ghalani wanajua masharti yake: anika, pepeta, kagua wadudu, geuza magunia. Akiba ya diski nayo ina masharti. Kwa hiyo kila diski inapotoka Dodoma, kabla ya kuandika chochote kipya juu yake, tunafungua folda iitwayo Pangani, tunakaa sebuleni, tunasikiliza dakika zote 17. Ikifika ya tisa, pale palipokatika, binti yangu hutamka neno lenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa ameketi jamvini na ukili mkononi, analikumbuka. "Kaza," husema, na sauti ya Bibi yake inarudi kuendelea.